Chumba Kimoja, Watoto Wanne



Chumba tunachotaka kukisimulia kina urefu wa futi 12 kutoka ukuta wa mlango hadi ukuta wa dirisha, na upana wa futi 11. Kipo Morogoro, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja tunalala sisi wazazi. Hicho kingine ni cha watoto, nao ni wanne: mvulana wa miaka 16 anayesoma kidato cha tatu katika seminari ndogo, binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 10, na wa mwisho wa miaka 8, ambaye alikuja kwetu miaka miwili iliyopita baada ya mama yake kufariki. Marehemu alikuwa mdogo wake mama wa nyumba hii. Kwa hiyo mtoto huyo anatuita mama mkubwa na baba mkubwa, na hao wengine ni ndugu zake, hakuna jina jingine. Kwa Waluguru, ambako mmoja wetu anatoka, neno hilo lina uzito zaidi, maana mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Aliyekuja kwetu hakuja ugenini. Alihama nyumba moja ya ukoo akaingia nyingine.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wastani wa kaya moja Tanzania ni watu 4.3. Sisi ni sita. Hatuoni kwamba tumezidi sana, ila nyumba za kupanga hujengwa kwa ajili ya wale wanne, na ile 0.3 huwa imesahauliwa kabisa.

Kwaresima iliyopita, jioni moja baada ya rozari, binti yetu aliuliza swali ambalo alikuwa amelitayarisha, tulijua kwa jinsi alivyolitoa kwa pumzi moja. Alisema, "Mama, mimi nitalala wapi nikikua?" Hakusema anataka chumba chake. Hakulalamikia mtu. Tulikuwa tumeona tayari kwamba asubuhi anabeba sare yake ya shule hadi bafuni, anavaa humo palipo na maji sakafuni, anatoka soksi zikiwa zimelowa. Alikuwa pia amejifunza ule ustadi wa kubadilisha nguo chini ya khanga, kingo moja ameing'ata kwa meno, ambao wanawake wengi wanaujua na hakuna anayekumbuka aliufundishwa na nani. Kikubwa ni kwamba aliuliza kama mtu anayehoji fungu lake lipo au halipo. Tulikumbuka binti watano wa Selofehadi katika Kitabu cha Hesabu, waliosimama mbele ya Musa na mbele ya mkutano wote kuuliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu tu hakuwa na mwana wa kiume. Musa hakuwajibu pale pale. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na jibu lilikuwa kwamba wamesema haki.

Na sisi tulilipeleka. Kisha tukaanza kubishana, maana sala haiondoi mabishano, huyapunguza makali tu.

Baba wa nyumba hii ni Mnyakyusa, na kwao jambo hili lilikuwa na utaratibu wake zamani. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima kuhusu utaratibu huo, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Wavulana wakifika umri wa miaka kama 10 hivi waliacha kulala nyumbani kwa wazazi wao. Walijenga vibanda vyao pembeni na kulala huko na wenzao wa rika, na baadaye eneo hilo likawa kijiji chao. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kwa Waluguru nako binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa, akatolewa kwa ngoma. Hivyo wazee wa pande zetu zote mbili walijua kwamba kuna umri ambao mtoto hawezi kuendelea kulala pale alipolala jana. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na ardhi ya kutosha kuongeza kibanda. Sisi tuna futi 12 kwa 11 na mama mwenye nyumba ambaye hataki msumari hata mmoja kwenye ukuta wake.

Wapo walioona hatuna haja ya kufanya lolote. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, zamu ya kusali ilipofika nyumbani kwetu na maneno haya yakajitokeza, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema kwamba watoto wanaolala chumba kimoja hawawezi kusahauliana ukubwani, na kwamba kila ukuta unaoongezwa ndani ya nyumba unafundisha watoto kusema "changu". Alisema yeye na ndugu zake saba walilala kwenye mkeka mmoja na hadi leo wakiitana usiku wa manane wanaitikiana. Hatukumpinga, kwanza kwa adabu, na pili kwa sababu yapo tunayokubaliana naye. Vikombe vikiwa kabati moja havikosi kugongana, na katika kugongana huko watoto wanajifunza kuomba radhi, kusubiri, na kulala taa ikiwa inawaka kwa sababu mwenzao hajamaliza kusoma. Hiyo ni malezi ambayo hakuna semina itakayoitoa.

Lakini mwanamke mmoja wa jumuiya, mwenye binti wakubwa, aliuliza swali moja tu: kwenye huo mkeka, dada zako walikuwa wapi? Mzee akafikiri, akasema wao walilala kwa bibi. Basi. Hata ule mkeka ulikuwa na mpaka wake, ila ulipita nje ya nyumba ndiyo maana hakuuona.

Kanisa nalo limelisema hili, tena kwa ukaribu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mkataba wa Haki za Familia, uliotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, unasema katika kifungu cha 11 kwamba familia ina haki ya makazi yenye staha, yanayofaa maisha ya familia na yanayolingana na idadi ya watu waliomo. Tulipousoma tulicheka kidogo, kwa kuwa haki ni jambo moja na kodi ya miezi sita mkononi ni jambo jingine. Hata hivyo unatia moyo: kumbe kuhesabu vichwa na kuangalia vitanda si mambo ya mjini wala si kuiga sinema. Papa Fransisko, katika sura ya 7 ya Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliandika juu ya thamani ya kumlea kijana katika haya njema, akisema kwamba haya ni ulinzi wa asili wa utu wa ndani wa mtu, asije akageuzwa kitu cha kutumiwa. Tunapenda kwamba hakuiita aibu. Mtoto anayevaa nguo bafuni kwenye maji haoni aibu ya mwili wake. Analinda kitu, na anakilinda peke yake.

Kwa ndugu waseminari wanaosoma hapa kuna jambo jingine tulilokutana nalo na likatufurahisha. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ya karne ya 6 ambayo Wabenediktini wetu wa Peramiho na Ndanda wanaifuata, ina sura nzima, ya 22, kuhusu namna wamonaki wanavyolala. Kila mmoja awe na kitanda chake. Ikiwezekana wote walale mahali pamoja, wakiwa wengi basi kumi kumi au ishirini ishirini pamoja na wazee wao. Taa iwake humo hadi asubuhi. Na vijana wasipange vitanda vyao wao kwa wao, bali wachanganywe na wakubwa. Karne nyingi baadaye, mwaka 1084, Mtakatifu Bruno na wenzake wakaanzisha maisha ya Wakartusi, ambao kila mmonaki ana kijumba chake. Kwa hiyo hata watakatifu hawakukubaliana juu ya kuta. Walichokubaliana ni kwamba pahali mtu anapolala si jambo dogo la kuachiwa bahati.

Basi tukampigia simu fundi seremala.

Mafundi wanaiita patisheni, na kwa kuwa wao ndio wanaoijenga tutaiita hivyo. Masharti yalikuwa matatu. Isiguse ukuta kwa msumari, ili siku tukihama tuibebe. Isifike dari, kwa sababu Morogoro kuna joto, chumba kina dirisha moja na taa moja, na hewa na mwanga ni lazima vipite juu. Na itoe haki. Sharti la tatu ndilo lililochukua Jumamosi nzima.

Dirisha lipo katikati ya ukuta, ni la kioo cha kusukuma, lina vipande viwili. Patisheni ikianzia katikati kabisa ya dirisha, kila upande unapata kipande kimoja na kila upande una hewa. Maana yake chumba kinagawanyika nusu kwa nusu, futi tano na nusu huku na futi tano na nusu kule. Lakini huku ni binti mmoja, na kule ni wavulana wawili, na likizo wakiwa watatu. Mvulana wa miaka 10, ambaye hesabu ndiyo somo lake, aliliona hilo kabla ya futikamba kufunguliwa. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Yaani dada mmoja ni sawa na sisi watatu?" Ukitaka kugawa kwa vichwa, binti apate pembe ndogo isiyo na dirisha. Ukitaka kugawa kwa dirisha, wavulana wabanane. Ibrahimu alipoona wachungaji wake na wa Lutu wanagombana alimwambia mpwa wake achague kwanza, kushoto au kulia, naye atachukua kilichobaki. Ni mfano mzuri sana, ila Ibrahimu alikuwa na nchi nzima mbele yake.

Fundi ndiye aliyetuokoa. Alikaa juu ya tranka, akachora kwa penseli kwenye kipande cha boksi. Patisheni, alisema, haina sheria inayoilazimisha inyooke. Ianzie katikati ya dirisha, ije futi mbili, kisha ipinde kiwiko cha futi moja kuelekea upande wa binti, halafu iendelee futi sita. Kwa hiyo binti ana upana wa futi tano na nusu pale dirishani, ambapo meza yake ndogo ya kusomea inaingia, na baada ya hapo ana futi nne na nusu, ambazo zinatosha kitanda cha futi 3 kwa 6 na njia ya kupitia kwa ubavu. Wavulana wanapata futi sita na nusu kwenye sehemu ndefu: dabodeka ya futi tatu, na bado panabaki futi tatu na nusu za kulaza godoro la tatu wakati wa likizo. Futi nne zilizobaki kuelekea mlangoni ni za wote, na hapo ndipo kabati la nguo linasimama. Wavulana wakawekwa upande ulio karibu na mlango kwa sababu wao ndio wanaoamka usiku kwenda kujisaidia na hawajui kutembea taratibu.

Zilihitajika plaiwudi mbili tu, za futi 8 kwa 4. Fundi alikata futi moja juu ya kila moja ili kimo kiwe futi saba, na vile vipande viwili vilivyokatwa ndivyo vilivyounganishwa vikawa kiwiko. Hatujawahi kuona mtu akitumia mbao zake zote namna hiyo, kilichobaki kilikuwa kama kibao cha kukatia mboga. Fremu ni ya mbili kwa mbili, inasimama kwa miguu yake, imeinuliwa nusu futi kutoka sakafuni ili ufagio upite, na inapokutana na ukuta amebana kipande cha mpira wa tairi isikwaruze rangi. Mama mwenye nyumba alikuja kukagua, akaingiza kidole kati ya mbao na ukuta, akaridhika. Gharama yote, pamoja na usafiri wa bodaboda uliokuwa kituko peke yake, haikufika laki tatu.

Lakini kuna jambo lililotokea siku hiyo ya kupima, na ndilo hasa lililotufanya tukubali kuandika.

Fundi alikuwa akipima na kutaja namba, mvulana wa miaka 10 akiandika. Kitanda cha dada, futi tatu. Kitanda cha juu cha dabodeka, futi tatu. Cha chini, futi tatu. Mkubwa akija likizo, godoro. Yule mdogo wa mwisho alikuwa amesimama mlangoni. Analala kitanda cha chini, kila mtu anajua, lakini kitanda hicho ndicho alicholalia kaka mkubwa kabla hajakwenda seminari, na katika hesabu ile kilitajwa kwa jina la kaka mkubwa. Baadaye mmoja wetu aliingia chumbani kwetu akakuta ule mfuko mweusi aliokuja nao mtoto siku ya kwanza, umewekwa juu ya kitanda chetu, ndani yake kuna nguo zake zimekunjwa vizuri, mswaki, na picha ya mama yake. Yeye alikuwa amerudi kule kule kwa fundi. Tulimsikia akiuliza, kwa adabu kabisa, "Shikamoo fundi. Na mimi umenipima?"

Fundi alimwangalia. Sisi tulikuwa kwenye korido, hatukusogea. Fundi akasema, "Bado, nilikuwa nakusubiri wewe. Simama hapa, visigino vigusane na ubao." Akampima kutoka unyayoni hadi utosini kwa futikamba ileile, akapiga alama ya penseli kwenye mbao ya fremu, futi 4 na inchi 1, akamuuliza tarehe ya leo na kuiandika pembeni. Kisha akamwambia aende kupima urefu wa kitanda chake mwenyewe amletee namba, na mtoto akaenda, akarudi, akasema kitanda chake ni futi sita. "Basi umebakiwa na futi mbili za kukua," fundi akasema, na kugeuka kuendelea na msumeno.

Yule fundi si Mkristo. Mchana huohuo alituomba maji ya kutawadha na mahali pa kuswali. Tumeshasikiliza mahubiri mengi juu ya yatima, na tutayasikiliza mengine, lakini hatudhani tutasikia lililo fupi kuliko lile. Ule mfuko mweusi tuliupeleka wenyewe chumbani kwa watoto, tukazirudisha nguo kabatini mbele yake, rafu ya pili, na picha ya mama yake tukaibandika kwa gundi kwenye plaiwudi kando ya mto wake, ambako ukuta wa mwenye nyumba usingeruhusu. Kwa hiyo patisheni imempa kitu ambacho hakuwa nacho: mahali pa kuibandika.

Hatukuweka milango. Kila upande una pazia, la binti ni la kitenge alichochagua mwenyewe sokoni baada ya kutembeza mmoja wetu vibanda visivyopungua kumi. Hakuna kitasa wala komeo. Tulizungumza nao kuhusu hili tukiwa wote sebuleni, kwa sababu tunaona watu wengi wanachanganya faragha na siri. Faragha ni kwamba nikibadilisha nguo, nikilia, nikisali, hakuna anayenitazama. Siri ni kwamba kuna jambo linafanyika humu ambalo mzazi akilijua litaharibika. Pazia linatosha kwa la kwanza, na la pili halina nafasi ndani ya nyumba yetu. Kwa sababu hiyo simu hailali upande wowote. Inalala sebuleni juu ya redio, hata yetu.

Badala ya mlango tuliweka hodi. Ni ajabu kwamba neno ambalo kila mtoto wa Kitanzania analijua tangu anaanza kutambaa, tunalitumia kwa nyumba za wenzetu tu. Mtu atasimama nje ya uwanja wa jirani na kuita hodi mara tatu, akikosa jibu anageuka anaondoka, lakini ndani ya nyumba yake anaingia kwa dada yake kama upepo. Sasa wanapigiana hodi pazia kwa pazia. Na sisi tunapiga. Mwanzoni wavulana waliona ni mchezo, wakawa wanapiga hodi kila dakika, na dada anajibu "Karibuni kesho." Baada ya wiki mbili mchezo ukaisha, hodi ikabaki. Tuligundua kwamba mtoto anayeitikiwa "karibu" anaingia tofauti na mtoto aliyejiingilia tu. Anaingia kama mgeni, na mgeni hagusi vitu vya watu.

Mambo mengine hayakwenda vizuri hivyo. Swichi ya taa ipo karibu na mlango, na mwaka huu binti alikuwa anajiandaa na mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo ugomvi wa kuzima taa saa tatu na nusu uliendelea hadi tulipomnunulia taa ndogo ya kuchaji. Chandarua cha dabodeka kilibidi kishonwe upya. Na kuna siku wavulana walirusha soksi juu ya patisheni kwa makusudi, wakarudishiwa kitu kizito zaidi.

Usiku wa kwanza binti hakulala. Tulisikia kitanda kikilia kila anapogeuka, kisha ukimya, kisha sauti yake, "Mmelala?" Mdogo wa mwisho akajibu kutoka ng'ambo kwamba yeye bado. Akamuuliza kama anaogopa. Akasema hapana. Wakanyamaza kidogo, halafu mdogo akasema, "Dada, lakini nakusikia unavyopumua." Patisheni ya futi saba inazuia macho, haizuii masikio, na tunashukuru kwamba sharti la joto lilitulazimisha kuiacha wazi juu. Rozari ya watoto, ambayo zamani waliisali wamepiga magoti kuzunguka kitanda kimoja, sasa wanaisali kila mtu yuko upande wake, Salamu Maria inaanzishwa na binti na inapokelewa ng'ambo. Wakati mwingine tukiwa chumbani kwetu tunaipokea na sisi kupitia ukutani. Yule anayesinzia anajulikana, maana sauti inapungua.

Mkubwa alirudi likizo ya Juni. Tulimwandalia kwa simu, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Aliweka tranka chini, akaangalia patisheni, akaangalia pazia la kitenge, akapiga hodi kwa dada yake bila kuelekezwa, tukajua bwenini wamemlea. Kisha akauliza la kwake liko wapi. Tukavuta godoro la futi mbili na nusu kutoka chini ya dabodeka. Alicheka, akasema kule seminari wapo themanini bweni moja na kila mtu ana kitanda na kikabati chenye namba, kwa hiyo nyumbani amekuwa maskini kuliko shuleni.

Siku ya tatu alikuja kutuambia jambo ambalo alikuwa amelifikiria. Alisema, kwa kuwa yeye yupo nyumbani miezi miwili tu kwa mwaka, na Mungu akipenda baada ya kidato cha sita atakwenda mbele zaidi, lile godoro tuliuze na nafasi yake tuwape wadogo zake waweke meza. Yeye akija atalala sebuleni kwenye kochi kama mgeni mwingine. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na tunajua seminari inawafundisha kujinyima, na ni vizuri.

Tulimkatalia. Baba alisema jambo ambalo mama alikuwa ameshalisema usiku uliotangulia kwa maneno mengine: kama umeitwa, ni Mungu aliyekuita, si sisi tuliokutoa chumbani. Kijana anayejua kwamba kitanda chake nyumbani kimeshapewa mtu, siku akigundua kwamba wito wake si upadre ataogopa kurudi, atabaki huko kwa kukosa pa kulala, na Kanisa halitafuti mapadre wa namna hiyo. Tumewahi kumsikia mlezi mmoja wa waseminari akisema kwamba anayebaki awe huru kuondoka ndipo kubaki kwake kuwe na maana. Hatukujua kwamba maneno hayo yangetufikia kwa njia ya godoro. Kwa hiyo godoro lipo, limefunikwa shuka lake la bluu, na wadogo zake hawaruhusiwi kulitoa hata wenzao wakija kulala. Alinyamaza, kisha akasema tu, "Basi msilifungie soksi zao chini yake, linanuka." Jambo hilo tumelisimamia kwa kadiri inavyowezekana.

Mzee wa jumuiya alipita mwezi wa tisa kumpongeza binti kwa kumaliza mtihani. Aliomba aone huo ukuta. Alipiga hodi penye pazia la wavulana, akaingia, akagonga plaiwudi kwa kidole, akainama kuangalia chini ambako ufagio unapita, akaona zile alama za penseli kwenye fremu, maana kila mtoto alitaka ya kwake. Hakusema kama amebadili mawazo, nasi hatukuuliza. Alimuuliza mdogo wa mwisho alama yake ni ipi. Mtoto akamwonyesha mbili: ile ya Mei, na nyingine aliyojipigia mwenyewe mwezi wa nane kwa rula ya kaka yake, ambayo kwa hesabu yake amekua inchi tatu. Mzee alimwambia apunguze.

Sasa tunamngojea bibi, mama yake baba, anayekuja kutoka Tukuyu kwa Noeli. Kwenye simu aliuliza safari hii atalala wapi, maana mara ya mwisho alilala kwenye kochi na mgongo ulimsumbua mpaka Epifania. Kabla hatujajibu binti alikuwa ameshachukua simu. "Shikamoo bibi. Utalala kwangu." Kitanda ni cha futi tatu, na bibi si mwembamba. Tumempigia fundi; amesema atapita Jumamosi na futikamba yake aone kama kile kiwiko kinaweza kusogezwa kidogo hadi Januari.